Kanga na Mnara: Mchezo wa Darasani wa Usalama Mtandaoni

Mtoto wa darasa la tano wa Mbagala au Nyegezi huenda hana simu, lakini yumo mtandaoni. Yumo kwa simu ya mama jioni mama akiwa jikoni, kwa simu ya kaka anayemwachia acheze Free Fire kidogo, kwa simu ya jirani iliyoachwa kwenye chaji. Laini si yake, jina lililosajiliwa si lake, na pesa iliyomo ndani si yake. Mtu akimwandikia, mtoto hujibu, mara kwa jina la mwenye simu, mara kwa jina lake mwenyewe, kadiri inavyomjia. Kwa hiyo masomo mengi ya usalama mtandaoni, yaliyotungwa kwa ajili ya mtoto mwenye kompyuta yake chumbani kwake, huwapita watoto wetu pembeni. Yapo mazuri. Mwaka 2017 Google ilitoa mchezo uitwao Interland, ambamo mtoto huzunguka nchi za kubuni akijifunza faragha, upole na kutambua ulaghai. Shule yenye kompyuta na bando la kutosha iutumie bila kusita. Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu mwenye ubao, chaki na watoto sitini au themanini.

Kabla hatujafika kwenye vifaa, shika jambo moja. Michezo mingi ya aina hii humtoa nje aliyedanganywa: amebofya, ametoka, wajanja wanabaki. Huu haumtoi mtu. Aliyedanganywa anaendelea kucheza, na akienda kusema anapata alama nyingi kuliko ambaye hakudanganywa kabisa. Ripoti ya Disrupting Harm kuhusu Tanzania, iliyotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ilionyesha kuwa watoto wanaofanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ni wachache mno wanaofika polisi au kupiga namba ya msaada, na kwamba mara nyingi anayewatendea ni mtu wanayemjua. Mtoto ananyamaza kwa kuwa anajua swali la kwanza atakaloulizwa nyumbani: nani alikupa simu? Ukimfundisha tena darasani kwamba anayenaswa ni mjinga, umemwongezea sababu ya kunyamaza.

Kuandaa darasa

Mchezo unataka vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80. Tundika kanga kwenye kona moja ya darasa ili mtu aweze kukaa nyuma yake asionekane. Kata vipande vinne vya boksi viwe simu. Andaa karatasi ndogo za jumbe na mfuko wa kuzitia, viti vitatu mbele ya darasa, na kete za bao au punje za mahindi za kuhesabia alama. Vifaa vimeisha.

Gawa darasa katika nyumba nne: ya Sungura, ya Kobe, ya Twiga na ya Tembo. Kila nyumba ina simu moja tu, kama zilivyo nyumba nyingi wanakotoka, na anayeishika hubadilika kila raundi. Kila nyumba ipewe kadi sita: jina kamili la mtoto, shule na darasa, picha akiwa amevaa sare, mahali nyumba ilipo, nani yuko nyumbani saa hizi, na namba ya siri ya pesa. Yote yawe ya kubuni. Mtoto wa nyumba ya Kobe anaitwa Kobe Mdogo, anasoma Shule ya Msingi Mtoni Chini, mama yake anauza samaki. Usikubali hata kwa mzaha taarifa ya kweli ya mwanafunzi iingie kwenye mchezo.

Fisi usimpe nafasi. Najua mkono utakuwasha kumweka nyuma ya kanga, maana hadithi zetu zimeshamzoeza. Lakini ukisema nyuma ya kanga yuko fisi, watoto wameshapata jibu kabla ya swali, na mtandaoni fisi hajitambulishi. Aliye nyuma ya kanga aitwe Mgeni, basi. Anaweza kuwa binamu, mwalimu, tapeli, au mtoto mwenzao aliyekosa la kufanya.

Chagua pia wanafunzi wawili wenye mwandiko unaosomeka wawe Mnara. Kazi yao ndiyo roho ya mchezo: hakuna ujumbe unaofika upande wa pili, uwe wa Mgeni au wa nyumba, bila Mnara kuunakili ubaoni kwanza. Darasa zima nalo linanakili kwenye madaftari. Watoto watalalamika kuwa ni kazi nyingi. Waache walalamike, faida yake itaonekana baadaye.

Raundi moja inavyokwenda

Mgeni anatoa karatasi kwenye mfuko na kuipitisha chini ya kanga. Mnara anaisoma, anainakili, anaipeleka kwenye nyumba iliyoandikiwa. Mgeni anaanza kugonga dawati: haraka, haraka, haraka. Hapo darasa zima, pamoja na nyumba iliyoandikiwa, linahesabu kwa sauti moja hadi kumi, taratibu. Hakuna ruhusa ya kujibu kabla ya kumi. Utaona jinsi mgongo wa yule mwenye simu unavyonyooka, na jinsi wenzake wanavyoanza kunong'ona wakifikia sita au saba. Utapeli mwingi wa simu hutegemea mtu asipate hizo sekunde kumi. Ndiyo sababu jumbe za matapeli hujaa maneno kama "sasa hivi", "kabla ya saa sita" na "nafasi imebaki moja".

Wakimaliza kuhesabu, nyumba inachagua moja kati ya matatu. Jibu: wanaandika jibu, na kama Mgeni ameomba taarifa wanampa kadi husika. Uliza: wanamtuma mmoja wao kwako wewe mwalimu, mwenye orodha ya kila ujumbe umetoka kwa nani hasa, wakuulize kama anayeandika ndiye anayesema kuwa ndiye. Kwenda kwako kunasimama badala ya kumpigia mtu kwa namba wanayoijua tangu zamani, au kumwendea ana kwa ana. Kumuuliza Mgeni mwenyewe kupitia Mnara hakuhesabiwi, kwa sababu tapeli akiulizwa kama ni tapeli hasemi ndiyo. La tatu ni Sema: wanakwenda kwenye viti vya mbele, ambavyo nitavieleza. Kuuliza kunakowafikisha kwenye ukweli ni kete moja. Kusema ni kete tatu, hata kama wameshatoa kadi tano.

Mgeni naye anashinda akipata kadi tatu zinazoungana. Hapa watoto hufunguka macho. Jina peke yake halina kitu. Shule peke yake pia. Lakini picha ya sare, jina la shule na jina kamili la mtoto vinatosha kumfikisha mtu asiyejulikana getini saa nane mchana, akijua amtafute nani. Waulize wao wenyewe kadi zipi tatu wangezitaka kama wangekuwa Mgeni, na kwa nini. Wape muda wa kubishana. Kipande hiki huwa na kelele na ni vizuri kiwe nacho.

Jumbe za kuanzia

Ziandike wewe, mwalimu. Mtoto aliye nyuma ya kanga asitunge, achague tu. Hatumfundishi kudanganya, na jumbe za kutunga papo kwa papo hugeuka haraka kuwa matusi au mambo ya watu wa mtaani kwao. Tumia lugha ya simu kama ilivyo.

Anza na rahisi, ambao kila mmoja ameshausikia: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Wengi watacheka. Usiwaache kwenye kicheko. Waulize: kama mama yako kweli alikuwa anasubiriwa kutuma hela ya kodi ya nyumba leo, na wewe ndiye umeshika simu, ungecheka? Ujumbe huu unafanya kazi kwa sababu kati ya maelfu wanaoupata wapo waliokuwa wanakaribia kumtumia mtu hela. Waambie pia kwamba Tanzania ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma, na kwamba kufanya hivyo ni kazi ambayo mtoto anaweza kumkumbusha mzazi.

Kisha: "Hongera! Umeshinda vocha ya 50,000. Kuna namba ya tarakimu sita itaingia kwenye simu hii, nitajie nikukamilishie zawadi." Eleza kwa ufupi kwamba namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti ya WhatsApp au ya pesa, na anayeitaja amekabidhi mlango. Kwa wapenzi wa michezo weka huu: "Nakupa almasi 1,000 za Free Fire bure. Nipe neno la siri niziweke."

Zidisha ugumu. "Mambo, ni mimi Rehema, hii namba yangu mpya. Nitumie ile picha tuliyopiga siku ya mahafali, niliipoteza." Katika orodha yako, huyu awe Rehema wa kweli. Unaofuata unaofanana nao asiwe yeye. Jumbe za kweli ni lazima ziwemo, walau theluthi moja ya mfuko. Mchezo ambamo kila Mgeni ni mbaya humfundisha mtoto kukataa tu, na mtoto anayekataa tu atachoka siku ya tatu. Tunachotaka ni azoee kuhakiki. Sasa hivi zipo programu zinazoiga sauti ya mtu hadi mwenye sauti mwenyewe anashangaa, kwa hiyo hata "nimesikia sauti ya shangazi" si uhakika tena. Nyumba moja iwe na swali lake la siri ambalo watu wa nyumbani tu wanajua jibu lake, nao waamue wenyewe ni swali gani.

Mwisho kabisa, huu: "Wewe umeshakua, una akili kuliko wenzako. Nitakununulia simu yako mwenyewe. Ila iwe siri yetu, mama asijue." Kwenye orodha, mwandishi awe mtu anayejulikana na nyumba: jirani, mwalimu wa tuisheni, rafiki wa kaka. Wakija kukuuliza, utawajibu kwa ukweli: ndiyo, ndiye yeye. Wengi watarudi na kujibu ujumbe, kwa sababu wamehakiki na mtu wanamfahamu. Simamisha mchezo hapo. Waulize ni neno gani katika ujumbe limebaki bila jibu hata baada ya kujua nani ameandika. Watalipata: siri. Mtu mzima anayemwomba mtoto afiche mawasiliano yao na mzazi, awe nani, anasemwa. Hapa ndipo tahadhari ya "usiongee na watu usiowajua" inapoishiwa nguvu, na kwa maoni yangu ndiyo dakika yenye thamani kuliko zote katika kipindi. Usiingie kwenye maelezo ya mambo ya mwili. Huhitaji, ujumbe wenyewe umetosha.

Viti vitatu

Kwenye kila kiti anakaa mwanafunzi anayeigiza mtu mzima. Kabla ya kusikiliza, anavuta kadi mojawapo: Sikiliza, Niko na kazi, au Fokea. Akivuta Fokea, anafoka kweli ("Si nilikukataza simu?") na watoto hawa wanajua kufoka kama wazazi, utashangaa. Nyumba iliyofokewa isirudi kukaa. Iende kiti cha pili, na ikibidi cha tatu, na kila kiti kinaongeza kete moja. Kiti cha tatu kina bango lililoandikwa 116, na aliyekaa pale hana kadi ya kufoka. Hiyo ndiyo namba ya huduma ya simu kwa mtoto Tanzania, hailipiwi, na Kenya na Uganda namba ni hiyohiyo.

Nyumba ikisema, Mgeni husika anasimamishwa: harudi kwenye mfuko na kadi alizokusanya haziwezi kuungana tena. Lakini kadi zenyewe hazirudi nyumbani. Usilainishe kanuni hii hata watoto wakikuomba. Kilichotumwa kimetumwa, kusema kunazuia kisiendelee.

Ili walione kwa macho, chagua nyumba iliyotoa picha, wape dasta, waambie wafute ujumbe wao ubaoni. Watafuta kwa furaha. Ubao ukiwa mtupu, uliza darasa: nani bado anao? Madaftari themanini yataenda juu. Usiongeze neno. Endelea na raundi.

Raundi isiyo na Mgeni

Karibu na mwisho, pitisha karatasi hii kwa nyumba ya Sungura: picha ya Tembo Mdogo ameanguka kwenye tope siku ya wageni, na maneno "tuma kwa wote". Inakwenda nyumba kwa nyumba, Mnara ananakili, watu wanacheka. Kisha shusha kanga. Nyuma hakuna mtu. Uliza aliyeianzisha ni nani, aliyeipeleka mbele ni nani, aliyeweza kuikatiza ni nani. Mpe nafasi mtoto wa nyumba ya Tembo aseme kwanza, wengine wakiwa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja uonevu wa mtandaoni kuwa kosa, na unaweza kuwaambia hivyo, ingawa sioni kama sheria ndiyo itakayomzuia mtoto wa miaka kumi na moja. Atazuiwa zaidi na kumsikia mwenzake.

Nyumba itakayokuwa imeikatiza karatasi hiyo, ikakataa kuipitisha, ipewe kete zote zilizobaki mezani. Mara nyingi hakuna. Cheza tena raundi hii hiyo papo hapo, uone.

Mtoto akikufuata baada ya kengele

Jiandae, kwa sababu mchezo huu ukichezwa vizuri kuna mtoto atakuja. Huenda akaja na "rafiki yangu mmoja". Usimuulize mbele ya wenzake, na usimpeleke mahali pa kificho pia. Tafuta sehemu mnayoonekana lakini hamsikiki. Msikilize hadi mwisho. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana huenda ukalazimika. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia, na kwamba kosa si lake. Usimhoji kama mpelelezi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyohiyo.

Kama kuna picha za aibu za mtoto kwenye simu, usizitumie kwako, usizipige picha, usimwonyeshe mwalimu mwenzako "aone mwenyewe". Kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya sheria hiyohiyo ya 2015, na nia njema haikukingi. Mwambie mzazi au mlezi, kama si yeye anayelalamikiwa, aiweke simu bila kufuta jumbe, kwa sababu namba na tarehe ndizo ushahidi. Kisha fuata mlango uliopo: mwalimu wa ushauri na malezi, ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au 116 yenyewe, ambayo nawe mtu mzima unaweza kuipiga uelekezwe. Yaandike majina na namba za watu hawa wa eneo lako kabla hujacheza mchezo. Ukianza kuwatafuta mtoto akiwa amesimama mbele yako, atasoma wasiwasi wako na kusema alikuwa anatania.

Wazazi

Kikao cha wazazi kinachofuata, omba dakika kumi na tano ucheze nao raundi mbili, ya ujumbe wa vocha na ya ujumbe wa siri. Wazazi hucheka, kisha huanza kusimulia waliyotapeliwa wenyewe, na hapo mazungumzo yanakuwa rahisi. Wape mambo machache ya kufanya na simu zao. Simu anayoshika mtoto isiwe na namba ya siri ya pesa inayofanana na mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa mtoto anaujua. Wapige *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, wasije wakakuta laini wasiyoijua. Wajue kwamba WhatsApp, Facebook na TikTok zote zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti. Mtoto wa darasa la tano mwenye akaunti amedanganya umri, na mara nyingi aliyemsaidia kudanganya ni mtu mzima wa nyumba ile.

Kubwa zaidi waombe hili: mtoto akija kusema kuna mtu amemwandikia, wasimnyang'anye simu siku hiyo. Adhabu ya kutumia simu bila ruhusa, kama ipo, ingoje wiki nyingine.

Mchezo urudie walau mara moja kwa muhula. Jumanne ya wiki ya pili ya Februari dunia huadhimisha Siku ya Intaneti Salama, nayo hukuta shule zetu zimefungua muhula wa kwanza, kwa hiyo ni siku nzuri ya kuanzia. Mara ya pili usiandike jumbe zote mwenyewe. Waagize wanafunzi wakaombe nyumbani jumbe za kitapeli zilizoingia kwenye simu za wakubwa, wazinakili bila majina wala namba, wakuletee. Matapeli hubadilisha maneno kila baada ya miezi michache, na mfuko wako wa jumbe ubadilike nao.